Mwanangu Hataki Chakula Tangu Aanze Vidonge vya ADHD: Je, Nimwachishe?

*"Daktari, assalaam alaykum. Nina mtoto wa kiume wa miaka 8, yuko darasa la tatu hapa Tanga mjini. Miezi mitatu iliyopita alianzishiwa methilifenideti, miligramu 10 asubuhi na miligramu 10 saa sita mchana, baada ya walimu kulalamika tangu darasa la kwanza. Shuleni amebadilika, anamaliza kazi na daftari lake sasa linasomeka. Nyumbani ndiko nilikochoka. Namwamsha saa kumi na mbili na nusu, nampa kidonge kwanza ili kianze kazi mapema, na saa moja chai ikiletwa anaiangalia tu. Mchana mwalimu anamsimamia kidonge cha pili, na chakula cha shule cha saa saba hakigusi. Saa kumi akiwa madrasa analia na kugombana na wenzake, mpaka ustadhi amenitumia ujumbe. Saa kumi na moja na nusu nampa nusu kidonge ili afanye kazi za shule, maana jirani mwenye mtoto kama wangu aliniambia ndivyo wao wanavyofanya. Usiku hali, na anageukageuka kitandani mpaka saa tano. Alikuwa na kilo 25, sasa ana 23 na nusu. Mama mkwe anasema vidonge hivi vitamfanya teja, anataka nimwachishe nimpe kombe, yale maji ya aya za Kurani. Je, nimwachishe? Au nipunguze mwenyewe? Na Ramadhani inakaribia, mtoto anataka kufunga kama kaka zake."*

Waalaykum salaam, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishika kalamu nikawa naziandika pembeni zile saa ulizozitaja, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu umeileta mwenyewe ndani ya saa hizo. Naomba unisikilize taratibu, lakini kwa kuwa najua unasoma huku chakula kikiwa jikoni, nianze na la haraka: ile nusu ya jioni iache kuanzia leo, kidonge cha asubuhi kitanguliwe na chakula, na ndani ya wiki hii au ijayo mrudishe mtoto kwa daktari aliyemwandikia dawa, kwa ajili ya uzito wake. Vile vidonge viwili vya asubuhi na mchana endelea navyo mpaka umwone daktari huyo, isipokuwa ukiona mojawapo ya dalili za hatari nitakazozitaja mbele.

Kwanza tuelewane dawa hii inafanya nini. Mtoto mwenye ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kushindwa kukaza makini, hakosi akili wala nguvu. Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoshika breki: humwambia mtoto asubiri zamu yake, amalize sentensi aliyoianza, asiinuke kwa sababu tu kunguru ametua dirishani. Sehemu hiyo hutegemea sana kemikali mbili, dopamini na noradrenalini, ambazo chembe moja ya neva humwaga ili nyingine ipokee ujumbe, kisha huzinyonya tena haraka. Methilifenideti huziba kwa muda vile vijitundu vya kunyonyea, kama mtu anayeweka kizibo kwenye karo ili maji yakae kidogo kabla ya kupotea. Kemikali zikikaa muda mrefu zaidi, breki zinashika. Ndiyo maana dawa ambayo kwa jina ni ya kuchangamsha humtuliza mtoto huyu, jambo ambalo huwashangaza wazazi wengi.

Tatizo ni kwamba kemikali hizo hazikai nyuma ya paji la uso peke yake. Zinafanya kazi pia katika maeneo ya ubongo yanayoamsha njaa na yanayoruhusu usingizi, na katika neva zinazoongoza mapigo ya moyo. Kwa hiyo kukosa hamu ya kula hakutokani na sumu iliyojikusanya tumboni, wala hakumaanishi kwamba dawa inamkausha damu kama wengine wasemavyo. Ni kazi ile ile ya dawa ikitokea mahali ambapo hatukuihitaji. Hapa jifunze pia kutomgombeza mtoto kwa sahani iliyojaa, kwa sababu hakuchezei: saa ile njaa hana kweli.

Kidonge cha kawaida cha methilifenideti, kile kisicho cha kuachia dawa polepole, huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na baada ya saa nne hivi kimekwisha. Sasa tuhesabu pamoja. Cha saa kumi na mbili na nusu kinaanza kushika wakati chai inaletwa, kinaachia saa nne na nusu. Cha saa sita kinashika kabla ya chakula cha saa saba, kinaachia saa kumi. Ile nusu ya saa kumi na moja na nusu inashika magharibi, inapita juu ya chakula cha usiku, na kuachia saa tatu na nusu, wakati ambao mtoto yuko kitandani. Bila kukusudia, umevipanga vidonge hivi hata kila mlo wa siku umeangukia ndani ya kivuli cha kidonge. Mtoto yeyote angepungua. Sikulaumu, kwa sababu mara nyingi sisi madaktari huandika "mara mbili kwa siku" na kumwacha mzazi akisie yaliyobaki.

Basi tumrudishie mtoto milo yake. Asubuhi ale kwanza, kisha ameze kidonge anapokaribia kutoka. Hofu kwamba chakula kitaiharibu dawa hii haina msingi wa kukuzuia. Dawa inafanya kazi hata tumboni mkiwa na chakula, na kwa watoto wanaolalamika tumbo ndivyo hata inavyokuwa nafuu zaidi. Lakini kiwe chakula chenye uzito. Chai ya rangi na kipande cha mkate haitoshi kwa mtoto anayekwenda kupoteza mlo wa mchana. Mbaazi za nazi kwa mandazi, uji wa ulezi uliokorogwa kwa maziwa na karanga za kusagwa, yai, mhogo wa nazi: tui na karanga zina mafuta, na mafuta ndiyo yanayobeba nguvu nyingi katika tonge dogo. Parachichi likipatikana sokoni lisipite. Kisha tazama muda wa saa nne na nusu hadi saa tano. Kidonge cha kwanza kinaachia karibu na muda ambao shule nyingi zina mapumziko, na hilo ni dirisha la bure. Mfungie chapati yenye yai au tende na korosho ale hapo, na chakula cha saa saba usikifanye uwanja wa vita; akila tonge tatu inatosha. Jioni, nusu ya kidonge ikiondoka, njaa itarudi, na kwa watoto wengi hurudi kwa kishindo. Ale magharibi, na kabla ya kulala ale tena kidogo, hata kama kwenu watoto hawana desturi ya kula mara mbili usiku.

Uliuliza kama unaweza kupunguza mwenyewe. Nusu ya jioni unaweza kuiacha kwa sababu haikuandikwa na daktari wako, na methilifenideti kwa kiasi hicho haihitaji kushushwa ngazi kwa ngazi. Hutoka mwilini siku ile ile. Zile miligramu 10 mbili usiziguse bila daktari. Naelewa kwamba jirani alikusaidia kwa nia njema, lakini mtoto wake huenda anatumia aina nyingine ya kidonge, ana uzito mwingine, na hana madrasa saa kumi. Kazi za shule zifanyike saa tisa, akitoka shule, kabla hajaenda madrasa. Kidonge cha mchana bado kiko kazini saa hiyo, na kwa darasa la tatu nusu saa ya utulivu hutosha.

Sasa kilio cha madrasa. Katika kliniki zetu tuna maneno "maudhi madogo madogo", tukimaanisha yale yanayosumbua bila kuhatarisha, na hili ni mojawapo, ingawa kwa ustadhi na kwa mtoto mwenyewe si dogo. Dawa inapoachia, breki hulegea ghafla, na kwa saa moja hivi mtoto anaweza kuwa na hasira au machozi kuliko alivyokuwa kabla hajaanza dawa. Ukitaka kujua kama ndilo, angalia saa. Mtoto anayelia au kupooza saa moja na nusu au mbili baada ya kumeza, wakati dawa iko kileleni, pengine dozi ni kubwa kwake, na dalili yake nyingine ni ile wazazi wanayoieleza kwa kusema mtoto amekuwa kama zezeta: yupo, lakini hacheki wala haulizi. Anayelia baada ya saa nne analilia kuachia kwa dawa. Maelezo yako yanaangukia hapa pa pili, saa kumi kamili.

Njia za kulishughulikia zipo kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza haina dawa: apewe kitu cha kula na robo saa ya kukimbia au kupumzika kabla ya kuingia madrasa, akae mbele karibu na ustadhi, asome kwa vipande vifupi, na ustadhi aelezwe kwamba mtoto hafanyi jeuri. Ya pili ni daktari kusogeza kidonge cha mchana mbele kidogo, mathalani saa saba, ikiwa mwalimu anaona kwamba mtoto hataharibikiwa sana saa tano na saa sita. Ya tatu ni daktari kuongeza dozi ndogo saa tisa. Hii humlainishia mtoto njia ya kutoka kwenye dawa, lakini inagusa tena chakula cha magharibi, na kwa uzito wake wa leo nisingeichagua. Ya nne ni kubadili kwenda kidonge kinachoachia dawa polepole, ambacho humezwa mara moja asubuhi na kufanya kazi saa 8 hadi 12 kulingana na aina. Hakipandi na kushuka kwa ghafla, na humwondolea mwalimu mzigo wa kusimamia kidonge. Ila bei yake ni kubwa zaidi, mlo wa mchana hautarudi, na vingi vya aina hiyo havivunjwi, havisagwi wala havitafunwi, kwa sababu dawa ya siku nzima itamwingia kwa mara moja. Kabla ya kukichagua ulizia kama famasi inaweza kukileta kila mwezi bila kukatika. Mimi ningeanza na ya kwanza kwa wiki mbili, kisha ya pili.

Usingizi utapata nafuu kwa kuiacha ile nusu, lakini huenda usitengemae wote, kwa sababu watoto wenye ADHD wengi huchelewa kulala hata kabla ya dawa yoyote. Sisi watu wa pwani tuna tabia moja ninayoisema bila kupendwa: mtoto hunywa chai nzito ya rangi usiku pamoja na wakubwa. Chai ina kafeini, na soda za kola vilevile. Baada ya alasiri apewe maziwa au maji. Simu na televisheni zizimwe mapema. Tafadhali usimpe dawa ya maji ya mafua ili asinzie. Baadhi ya dawa za mafua zina pseudoefedrini, ambayo ikikutana na methilifenideti huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Kuhusu uzito nataka kuwa mkweli zaidi, kwa sababu ndilo jambo lisilosubiri. Mtoto wa miaka 8 hutarajiwa kuongeza kilo 2 hadi 3 kwa mwaka. Wako amepoteza kilo 1 na nusu katika miezi mitatu, yaani asilimia 6 ya uzito wake, katika kipindi ambacho alipaswa kuongeza nusu kilo. Si dharura ya usiku wa leo, lakini ni sababu ya kutosha ya kurudi kliniki kabla ya tarehe yako. Mwongozo wa Uingereza unataka mtoto wa miaka 10 kushuka chini apimwe uzito kila baada ya miezi 3 na urefu kila baada ya miezi 6, na huo ni utaratibu ambao mizani na ukuta wenye alama vinatosha kuutimiza. Kuhusu urefu, utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza miaka ya 1990 kwa watoto 579 ulionyesha kwamba walioanza dawa za kundi hili na kuzitumia kwa miaka mitatu walibaki nyuma kwa takriban sentimita 2 na kilo 2.7, ukiwalinganisha na wenye ADHD wasiotumia. Sentimita 2 si kitu cha kumtisha mtu, na si kitu cha kufichwa pia. Zinapimwa dhidi ya mtoto anayemaliza shule akijua kusoma.

Hapo hapo nikuonye usiipe dawa kila lawama. Tanga ni nchi ya malaria, minyoo na kichocho, na mtoto anayepungua anaweza kuwa na mojawapo. Daktari akimpima uzito ampime na damu na choo. Upungufu wa madini ya chuma peke yake unaweza kumfanya mtoto asitulie na alale vibaya.

Mama mkwe wako ana hofu mbili, na sizidharau. Methilifenideti iko katika orodha ya pili ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili, kwa sababu ikitumiwa vibaya, kwa dozi kubwa au kwa njia isiyo ya kumeza, inaweza kumlevya mtu. Ikimezwa kwa dozi ya matibabu hupanda ubongoni polepole na haileti ile raha inayomfunga mtu, na tafiti za watoto waliotibiwa hazijaonyesha kwamba wanageuka watumiaji wa dawa za kulevya kuliko wenzao wenye ADHD wasiotibiwa. Si dawa ya jana pia: iliundwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi, na inasimuliwa kwamba jina la Ritalin alilitoa kwa mkewe, Rita. Lakini mji wetu una vijana wanaotafuta chochote cha kulewesha, kwa hiyo vidonge vifungiwe kabatini, uvihesabu, na kile cha shule akishike mwalimu, mtoto asitembee nacho mfukoni. Ama kombe na dua, hilo ni la imani yenu na sina neno nalo. Ninachoomba ni kwamba dawa isikatwe kwa ajili yake, na asinyweshwe mizizi wala majani ambayo hakuna anayeweza kutuambia yana nini ndani.

Ramadhani: mtoto wa miaka 8 hajafaradhishiwa kufunga, na huyu anatafuta kilo alizozipoteza. Mwaka huu ningemnyima, kwa upole. Hata kidonge akikimeza wakati wa daku kitakuwa kimekwisha saa tatu asubuhi, katikati ya masomo. Akisisitiza kuwa na kaka zake, awe nao kwenye futari na tarawehe.

Daktari anaweza pia kukuambia kuhusu kupumzisha dawa wikendi au likizo za shule ili mtoto ale na akue. Kwa methilifenideti jambo hilo linawezekana na kwa wengine linasaidia, ingawa siku hizo nyumba itakuwa na purukushani, na mtoto anayevuka barabara bila kuangalia hafai kupumzishwa. Zipo dawa nyingine pia. Atomoksetini huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi yake na nayo hupunguza hamu ya kula. Klonidini na guanfasini kwa kawaida haziondoi njaa kwa kiasi hicho, lakini husinziisha na kushusha shinikizo la damu, na hizi mbili kamwe hazikatwi ghafla, kwa sababu shinikizo linaweza kupaa. Kwa mtoto ambaye daftari lake sasa linasomeka, nisingekimbilia kubadili kabla ya kurekebisha saa.

Yapo mambo ambayo hayasubiri miadi. Akizimia au kuumwa kifua akiwa anacheza, akipatwa na degedege, akiona au kusikia vitu visivyokuwapo, akisema anataka kufa, au uume ukisimama kwa maumivu bila kulala, usimpe kidonge kinachofuata na mpeleke siku hiyo hiyo hospitali, Bombo ikiwa ndiyo iliyo karibu nawe. Vivyo hivyo mdogo wake akivimeza vidonge kwa bahati mbaya. Na kama katika ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla kwa moyo kabla ya miaka 40, mwambie daktari hata kama hakukuuliza. Akianza kupepesa macho au kutikisa bega bila kukusudia, usitaharuki. Baadhi ya watoto wenye ADHD huwa na hayo hata bila dawa. Andika yalipoanza, umwonyeshe.

Kabla ya kwenda kliniki, kwa siku saba andika kwenye daftari saa ya kila kidonge, alichokula, saa ya kilio na saa ya kulala. Ukurasa huo utamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka. Mwombe ampime mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na umuulize kuhusu kusogeza kidonge cha mchana hadi saa saba. Usiende peke yako na daftari: mchukue na mtoto, na daktari akishamaliza kuzungumza nawe, mwombe amuulize yeye mwenyewe anajisikiaje kidonge kikiwa ndani na kinapoachia, maana katika barua yako nimesikia sauti ya mwalimu, ya ustadhi, ya jirani na ya mama mkwe, lakini yake bado.